Hofu ya kesho katika "Bésame mucho"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nichangie machache kuhusu makala yenu ya nyimbo za mapenzi za Amerika ya Kilatini, hasa zile aya zilizouzungumzia wimbo wa Kimeksiko wa "Bésame mucho", yaani "nibusu sana". Mwandishi aliueleza kuwa ni wimbo wa tamaa ya mwili na furaha ya wapendanao waliokwisha kupatana, akatoa muhtasari wa maneno yake, akapendekeza upigwe harusini wakati maharusi wanapofungua dansi, kisha akawataja waimbaji kadhaa mashuhuri bila kumtaja hata mara moja mtu aliyeutunga. Sina ugomvi na mapenzi yake kwa wimbo huo, kwani na mimi ni mpenzi wake wa siku nyingi. Ninachopinga ni maana aliyoupa, kwa sababu muhtasari wake haukutoka katika maneno ya Kihispania. Umetoka katika maneno ya Kiingereza yaliyowekwa baadaye juu ya mahadhi yale yale, na maneno ya lugha hizo mbili hayasemi jambo moja.

Maneno ya asili ni machache mno: kibwagizo kifupi na ubeti mmoja, basi. Hakuna kisa kinachosimuliwa, hakuna jina la mtu wala la mahali, hakuna mwezi, nyota wala waridi. Katika kibwagizo, anayeimba anaomba abusiwe sana, kana kwamba usiku huu ndio wa mwisho, na papo hapo anatoa sababu ya ombi lake, kwamba anaogopa kumpoteza mpenzi wake baadaye. Katika ubeti anasema anataka kuwa naye karibu kabisa, ajitazame ndani ya macho yake, amwone yuko ubavuni pake. Kisha anamwambia afikirie kwamba huenda kesho yeye anayeimba atakuwa mbali, mbali sana naye. Baada ya hapo wimbo unarudi kwenye kibwagizo na mambo yamekwisha.

Sasa mwandishi wa makala atuoneshe ni wapi katika maneno hayo watu wawili wamebusiana. Hapana mahali. Anayeimba anaomba, anataka, anaogopa, na anakisia yatakayokuwa kesho. Hakuna kitendo hata kimoja kinachotajwa kuwa kimekwisha kutendeka au kinatendeka wakati wimbo unaimbwa. Busu ambalo limeupa wimbo huu jina lake linabaki kuwa ombi tangu mwanzo hadi mwisho, na msikilizaji haambiwi kama liliitikiwa. Hata huo usiku wa mwisho haukuthibitishwa kuwa ni wa mwisho, kwa kuwa umefungwa katika "kana kwamba". Pengine wapenzi hawa watakuwa na usiku mwingine elfu moja. Anayeimba anamsihi mwenzake watende kama watu wasio na mwingine, na nguvu yote ya wimbo, kwa maoni yangu, imekaa katika hilo "kana kwamba" kuliko ilivyokaa katika busu.

Kuna jambo jingine ambalo wasikilizaji wengi hulipita bila kulitupia jicho. Katika kibwagizo anayeimba anaogopa kumpoteza mpenzi wake, lakini katika ubeti ni yeye mwenyewe, wala si mpenzi, anayesema kwamba huenda kesho atakuwa mbali. Kwa kawaida mwenye hofu ya kuachwa huwa ni yule anayebaki nyuma. Hapa mwenye hofu ndiye huenda akaondoka. Wapo watakaosema kwamba huo ni uzembe wa mtunzi mchanga. Mimi naona kinyume chake, kwamba hapo ndipo tunapopata ufunguo wa maana yote. Hofu iliyomo haina uhusiano na usaliti. Wimbo hauna wivu, hauna lawama, hauna mtu wa tatu aliyejipenyeza katikati, mambo ambayo katika nyimbo za aina hii yamejaa tele. Kinachowatishia wapenzi hawa kinatoka nje yao wote wawili na wala hakitajwi: yaweza kuwa safari, vita, maradhi, amri ya wazazi au kifo chenyewe. Anayeimba hajui kama ataondoka, ndiyo maana anasema "huenda", ila anajua kwamba jambo hilo likija halitamwuliza yeye wala mwenzake.

Ule mstari wa macho nao unastahili kusomwa taratibu. Anayeimba hasemi kwamba anataka kuyatazama macho ya mpenzi wake, jambo ambalo nyimbo nyingi husema. Anataka kujitazama mwenyewe ndani yake. Ili mtu aione sura yake katika mboni za mwenzake, sharti nyuso mbili zikaribiane kiasi cha pumzi kuchanganyika, kusiwe na giza, na mwenye macho asiyafumbe. Kwa hiyo ukaribu unaotajwa hapa una kipimo chake, na ni ukaribu wa watu wanaotazamana kabla ya busu, kwa kuwa wakati wa busu watu hufumba macho. Tena kuna ujanja wa huzuni ndani yake: mtu anayehofu kwamba kesho hatakuwapo anatafuta mahali pa kuiacha sura yake, na mahali alipopachagua ni ndani ya jicho la ampendaye.

Nitaje kwa ufupi kwamba waimbaji wenyewe hawakubaliani juu ya neno moja la kibwagizo. Wengine huimba kwamba wanaogopa kumpoteza mpenzi "baadaye", na wengine "tena". Tofauti ni ndogo masikioni na kubwa katika maana, kwa sababu ukisema "tena" umekwisha kutunga hadithi nzima ya watu waliowahi kutengana wakakutana upya. Mimi nafuata "baadaye", kwa kuwa inakubaliana zaidi na ile "kesho" ya ubeti, lakini anayeimba "tena" hajauharibu wimbo. Amewapa wapenzi hao historia ambayo haikuwapo.

Maneno ya Kiingereza ndiyo yaliyofanya jambo zito zaidi. Yaliandikwa na Mmarekani Sunny Skylar, na mwaka 1944 bendi ya Jimmy Dorsey, ikiwa na waimbaji Bob Eberly na Kitty Kallen, iliupandisha wimbo huo hadi nafasi ya kwanza katika chati za Marekani. Kwa Kiingereza, anayeimba ameshikilia busu tayari na kila mara anapobusu husikia muziki wa mbinguni. Amemkumbatia mpenzi wake, anashangaa kupata furaha ambayo hakuwahi kuionja, anaomba aambiwe kwamba mwenzake atakuwa wake daima, na mwishoni anaomba apendwe milele ili ndoto zake zote zitimie. Hofu haikutoweka kabisa, kwani kuna mstari unaosema kwamba mpenzi akimwacha, ndoto zitaruka na maisha yatakuwa yamefika mwisho. Lakini tazama jinsi hofu hiyo ilivyogeuzwa: sasa anayeweza kuondoka ni yule mwingine, na akiondoka itakuwa kwa hiari yake, kwa kumwacha mwenzake. Usiku wa mwisho umeondolewa na mahali pake pamewekwa "milele". Ule mstari wa kujitazama machoni haumo, na ombi limekuwa starehe inayoendelea.

Simlaumu Skylar. Alikuwa fundi wa nyimbo za kuuzwa, na alichotunga kinaimbika vizuri na kilipendwa. Lakini huo ni wimbo mwingine uliovaa nguo za ule wa kwanza, na mtu akitaka kueleza maana ya "Bésame mucho" kwa kuutegemea, atafika pale pale alipofika mwandishi wenu. Inaelekea ndiyo njia waliyopitia wengi. Hata vijana wa The Beatles, walipokwenda kujaribiwa na kampuni ya santuri ya Decca jijini London tarehe 1 Januari 1962, waliuimba kwa maneno ya Kiingereza, tena kwa mwendo wa haraka wenye mzaha ndani yake. Walikataliwa siku hizo, ingawa sidhani kwamba kosa lilikuwa la wimbo huu.

Nije kwa mtunzi ambaye makala ilimsahau. Consuelo Velázquez alizaliwa mwaka 1916 katika mji wa Ciudad Guzmán, jimbo la Jalisco nchini Meksiko, akafariki dunia mwaka 2005. Alikuwa mpiga piano aliyesomea muziki wa kitaalamu wa Ulaya, na nyimbo za mapenzi alizitunga pembeni ya kazi hiyo kabla hazijawa ndizo zilizompatia jina. Baadaye alipata pia kuwa mbunge katika bunge la nchi yake. "Bésame mucho" ulianza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na miongoni mwa waliourekodi mapema ni mwimbaji Emilio Tuero. Velázquez mwenyewe alisema kwamba alipoutunga alikuwa bado hajawahi kubusiwa na mtu. Mwandishi wa makala aliposema kwamba wimbo wa namna hii hauwezi kutungwa isipokuwa na mtu "aliyezama katika mapenzi ya mwili", alikuwa anamsema msichana ambaye mapenzi aliyajua kwa fikra na kwa masikio tu. Jambo hilo halishangazi ukiyasoma maneno yake, maana yanamhusu mtu anayeomba kitu ambacho hana.

Masikio yake yalikuwa yamesikia nini? Kipande kilichomvutia, kwa maelezo yake, ni cha piano, nacho ni "Quejas, o La maja y el ruiseñor", yaani malalamiko, au msichana na ndege anayeimba usiku, kutoka katika mkusanyo wa "Goyescas" wa Mhispania Enrique Granados, uliopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1911. Anayevijua vyote viwili atausikia ukoo huo mapema tu, kwa kuwa mahadhi ya mwanzo yanashabihiana waziwazi, na vyote viwili vimetungwa katika ile ngazi ya sauti yenye majonzi ambayo wanamuziki huiita maina. Katika kipande cha Granados msichana analalama na ndege anamjibu. Velázquez amemwacha ndege nje na kuyachukua malalamiko peke yake, yasiyopata jibu. Kipande hicho Granados alikitabarukia mkewe, Amparo, na mwezi Machi mwaka 1916 mume na mke hao walikufa maji katika mlango wa bahari wa Uingereza, meli yao ya Sussex ilipopigwa kombora na nyambizi ya Ujerumani walipokuwa wakirejea nyumbani kutoka New York. Sisemi kwamba Velázquez aliutunga wimbo wake akiwafikiria hao. Nasema tu kwamba mahadhi haya yalikuwa yamebeba majonzi kabla ya mtu yeyote kuyatia neno la busu.

Aina ya wimbo nayo inatusaidia kuuelewa. "Bésame mucho" ni bolero, mtindo uliozaliwa Santiago de Cuba mwishoni mwa karne ya 19, ukavuka bahari hadi Meksiko kupitia Yucatán, na kuenea mno baada ya redio ya XEW kuanza kurusha matangazo katika mji mkuu wa nchi hiyo mwaka 1930. Bolero ni wimbo wa mwendo wa taratibu, wa gita na sauti ya karibu, na kazi yake kubwa tangu mwanzo ni kumsemea mtu yale ambayo hathubutu kuyasema usoni pa ampendaye. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Cuba na Meksiko kwa pamoja. Katika mtindo huo, kumwambia mpenzi "nibusu" si jambo la kushangaza. Ajabu ya Velázquez ni kwamba alimpa msikilizaji amri hiyo ya kijasiri kisha akaifunga mara moja kwa neno la woga, na hayo yote kwa pumzi moja.

Wakati nao ulichangia. Wimbo ulienea duniani katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, ambapo maelfu kwa maelfu ya wapenzi waliagana bandarini na katika vituo vya treni bila kujua kama wataonana. Hakuna neno la vita katika maneno ya Kihispania, na sina sababu ya kudhani kwamba vita ndivyo vilivyokuwa akilini mwa mtunzi. Lakini kwa kuwa hakuitaja sababu ya kuondoka, kila aliyekuwa na sababu yake aliweza kuiweka hapo. Wala hakutaja kama anayeimba ni mwanamume au mwanamke: katika maneno yote ya Kihispania hakuna sifa hata moja inayobadilika kwa jinsia, na kwa hiyo mwanajeshi na mkewe waliweza kuuimba wote wawili bila kugeuza herufi. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinaihifadhi siri hiyo bila taabu, na hilo ni jambo ambalo mwandishi wenu angeweza kulitumia kama angekwenda kwenye maneno ya asili.

Nisieleweke kwamba nataka kuutakasa wimbo huu mpaka usibakie na mwili ndani yake. Mwili umo, tena umetajwa bila haya: busu, macho, ukaribu, usiku. Ninachosema ni kwamba tamaa iliyomo inasukumwa na saa inayokwenda. Mtu mwenye hakika ya kesho haombi kubusiwa kana kwamba ni mara ya mwisho. Huomba tu kubusiwa, na akinyimwa leo atangoja. Ndiyo sababu namna ya kuuimba hubadilisha maana yake kuliko nyimbo nyingine nyingi ninazozijua. Mchile Lucho Gatica, aliyeurekodi katika miaka ya 1950, anauimba kama mtu anayezungumza na mtu mmoja aliye mbele yake, na hofu inasikika. Mbrazili João Gilberto, katika santuri yake ya "Amoroso" ya mwaka 1977, anakwenda polepole zaidi, sauti karibu ya mnong'ono, hata msikilizaji akaanza kuamini kwamba anayeimba anauvuta usiku usiishe. Kwa upande mwingine, wanapojitokeza waimbaji wa sauti kubwa na okestra nzima nyuma yao, wakafika kwenye neno la kwanza la kibwagizo kwa kishindo, mimi husikia mtu anayedai haki yake, na ombi limepotea. Hayo ni masikio yangu. Wengine watakuwa na yao.

Kwa hayo, Ndugu Mhariri, ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwamba mnapoeleza maana ya wimbo wa lugha ya kigeni, mwandishi awatafute wanaoijua lugha hiyo, nao hawakosekani siku hizi, badala ya kuchukua maneno ya Kiingereza na kuyafanya kuwa ndiyo asili. La pili ni kwamba jina la mtunzi lichapishwe pamoja na majina ya waimbaji, hasa pale mtunzi anapokuwa mwanamke ambaye wimbo wake umezunguka dunia nzima huku wengi wakidhani ulitungwa na yeyote yule waliyemsikia akiuimba. Ama kuhusu pendekezo la kuupiga harusini, hiyo ni hiari ya maharusi wenyewe, na mahadhi yake yanafaa kwa dansi ya taratibu. Ila anayewachagulia nyimbo awaambie mapema kwamba anayeimba anasema huenda kesho asiwepo, kisha wachague.

Wenu katika kupenda nyimbo,

Msomaji wenu wa muda mrefu